Ncha Mbili za Waya wa Bahi

Ninyi mnaopanda nguzo za simu siku hizi mna bahati, wala sisemi kwa wivu. Mna viatu vya miiba, mna mkanda wa kiunoni, mna gari linalowashusha chini ya nguzo na kuwangojea kama bwana harusi. Mimi nilipanda kwa magoti. Anayetaka kujua nguzo ya chuma ya Mdachi inakuwa na joto gani saa saba mchana katika mbuga za Ugogo, aje nimwonyeshe mapaja yangu. Ila apige hodi kwanza, mke wangu hapendi mambo hayo.

Mkinitembelea huwa mnauliza juu ya mwaka mmoja tu, ule wa Maji Maji. Mnadhani kwa kuwa nilifanya kazi ya waya mwaka huo, basi nilijua kila kitu. Ukweli ni kwamba habari za nchi nzima zilipita juu ya kichwa changu na sikusikia hata moja. Watu wa kusini walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, maboma yakashambuliwa, pwani wakaomba askari zaidi, meli zikaleta wazungu wenye bunduki mpya. Yote hayo yalipita kwenye waya mmoja uliotoka pwani, ukapita Mpwapwa, ukakata Ugogo kwenda magharibi. Mimi Issa, Mrangi wa Kondoa, mwenye mke na mtoto mmoja, nilikuwa chini yake na koleo mkononi, nikitazama kama vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo vimepasuka.

Nitawasimulia jambo moja la mwaka ule. Lakini lazima nianze na twiga.

Waya wa simu una maadui wake. Mchwa walikula nguzo za miti mpaka Wadachi wakaleta za chuma. Nyuki hupenda kujenga ndani ya nguzo iliyo wazi juu, nawe hujui mpaka umeshapanda nusu, na ukijua unashuka upesi kuliko ulivyofundishwa. Twiga ndiye mbaya kuliko wote kwa sababu hana nia mbaya. Anatembea zake, anatazama majani ya mgunga, shingo inapita pale waya ulipo. Akishtuka anakimbia nao.

Siku zangu za mwanzo nilijiona hodari, nikauvuta waya mchana wa jua kali mpaka ukanyooka kama mstari wa karani. Nikasimama kando kuusifia. Alfajiri ya Julai, baridi ya Ugogo ikaukaza zaidi, ukakatika kwa mlio uliowatoa mbwa wa kijiji kizima. Fundi wangu, Kasimu, mtu wa Bagamoyo mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi, alinitazama bila kukasirika.

"Issa, waya una tumbo kama wewe," akasema. "Wakati wa joto uachie ulegee kidogo. Baridi itakula chake."

"Lakini ukilegea si twiga watauchukua, fundi?"

"Watauchukua. Ukikaza baridi, ukilegeza twiga. Ndiyo maana mimi na wewe tunakula."

Huyo ndiye aliyenifundisha kuunga. Ninyi mna vifungo vya kubana, lakini siku moja vitawaishia porini, kwa hiyo sikilizeni. Laza ncha mbili sambamba kwa urefu wa kiganja, zungusha ya kwanza juu ya mwenzake mara sita, zungusha ya pili kwa upande wa pili mara sita. Usiibane kwa koleo mpaka ikawa na jeraha, maana pale penye jeraha ndipo itakapokatikia. Kisha ning'inia nayo. Ikikuhimili wewe, itahimili upepo.

Akanifundisha pia kusoma ncha. Waya uliokatwa kwa shoka ncha yake ni bapa, imepondeka. Uliokatwa kwa koleo una midomo miwili. Uliovutwa mpaka ukakatika huwa mwembamba mwishoni, unachongoka kama mkia wa panya. Nilidhani ni mambo ya kupitisha wakati kivulini.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa.

Katika Ugogo maji yana mwenyewe. Mgeni asije akaona kisima kwenye mchanga wa korongo akainama kunywa. Kile kisima kimechimbwa na mtu, kinachimbwa upya kila kiangazi, kila mwaka kwenda chini zaidi, na ukitaka maji unatoa kitu. Misafara ya zamani ilitoa nguo na shanga. Sisi watu wa waya hatukuwa na nguo wala shanga. Tulikuwa na vipande. Kila ukiunga, hubaki kipande cha urefu wa kiganja au shibiri, na wanawake wa Kigogo walivipenda kuliko shanga, wakavikunja bangili za mkononi. Sheria ya bomani ilisema kila kipande kirudishwe stoo, hata kama ni cha ukucha. Mimi nilikuwa natoa vipande nanunua maji.

Kasimu alijua. Alikuwa akigeuka upande wa pili na kusema, "Macho yangu yana vumbi leo." Lakini mara moja aliniambia, "Kipande cha waya ni kidogo mkononi, Issa, ni kikubwa shingoni." Nikacheka. Nilikuwa na kiu.

Kisima nilichokipenda kilikuwa karibu na Bahi, cha mzee mmoja aliyeitwa Ndahani. Nyumba yake ilikuwa tembe ndefu, paa la udongo, ng'ombe katikati. Alikuwa mtu mkavu, haombi, hasifu. Unamwamkia "Mbukwa", anakuitikia, anatazama ulichonacho, anamwita mkewe. Mkewe, mama Lesilwa, ndiye aliyeshuka kisimani na kibuyu. Mpaka mwaka ule alikuwa na bangili zangu saba mkono wa kushoto.

Ikaja Septemba ya mwaka huo. Waya ulikuwa haujasema kwa siku mbili. Siku nyingine yoyote wangetutuma mimi na Kasimu peke yetu. Lakini kusini kulikuwa kunawaka, na kila mzungu aliona mkuki nyuma ya kila kichaka. Tukapewa afisa na askari arobaini. Afisa yule tulimwita Bwana Miwani, nanyi mnajua kwa nini. Alikuwa kijana, anazungumza Kiswahili kilichonyooka kama bunduki, na alikuwa ameshaamua kabla hatujatoka kwamba waya umekatwa na Wagogo ili nao wainuke.

Tuliufuata waya kutoka mashariki, nguzo baada ya nguzo, mzima. Tulipofika kwa Ndahani askari walikuwa na kiu, tukasimama. Mama Lesilwa akapanda kutoka kisimani na kibuyu, akanyoosha mkono kumpa maji shaushi, mkubwa wa askari, na bangili saba zikametameta mbele ya uso wa Bwana Miwani.

"Hizi ni nini?" akauliza.

Mama Lesilwa hakujua Kiswahili. Alimtazama mumewe.

"Ni za mke wangu," Ndahani akasema.

"Huu ni waya wa serikali. Nani amempa?"

Ndahani akawageukia ng'ombe wake. Bwana Miwani akauliza mara ya pili, kisha akaamuru, na askari wakamfunga mzee mikono nyuma, wakamvisha kitanzi cha kamba shingoni. Mama Lesilwa alinitazama mimi, moja kwa moja, akaendelea kunitazama.

Nataka niwaambie kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Nilifungua kibegi cha zana, nikakifunga, nikakifungua. Nilikuwa nimemwona mtu akinyongwa bomani, na nilijua miguu inavyofanya. Nikajisogeza karibu na mzee kana kwamba natafuta kivuli, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kigogo changu kibovu, "Baba, mbona hunitaji?"

"Umekunywa kwangu," akasema. "Nitakutajaje?"

Basi aibu ikanishinda hofu. Nikaenda mbele ya Bwana Miwani.

"Bwana, waya ule nimetoa mimi. Nilinunulia maji. Ni vipande vya kuungia, vifupi, tazama urefu wake."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Unasema uongo kuwaokoa ndugu zako."

"Si ndugu zangu, bwana. Mimi Mrangi."

"Kama si hawa, nani amekata?"

"Sijui, bwana. Twende pale ulipokatika, waya wenyewe utasema."

Akawaashiria askari wajipange. "Twende. Mzee anakuja na kamba yake. Kama umekatwa na mtu, kuna miti huko. Na nyumba hii itachomwa tukirudi."

Tukaenda, karibu mwendo wa saa moja. Kasimu alitembea kando yangu, akinong'ona kitu ambacho nadhani ni dua. Mbele yetu Ndahani alitembea wima, kamba ikishikwa na askari kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nione nyayo za twiga.

Tulifika. Nguzo moja imeinama. Waya umekatika mara mbili, ncha mbili zimelala chini, na katikati yake hakuna kitu. Kipande cha hatua kumi na nne kilikuwa kimetoweka.

"Kiko wapi?" Bwana Miwani akaniuliza. "Bangili ngapi zinatoka katika hatua kumi na nne?"

Nilizishika zile ncha mbili. Zote zilikuwa nyembamba, mkia wa panya kabisa. Nikamwonyesha, nikamweleza. Alizitazama kwa haraka, akasema mtu anaweza kuvuta kwa ng'ombe, au kunoa kwa jiwe. Alitaka kile kipande. Akaonyesha kilima upande wa magharibi.

"Jua likigusa pale na wewe huna kipande, yule atanyongwa. Nawe baada yake."

Nyayo zilikuwepo, lakini Septemba ardhi ya pale ni ngumu kama kigae. Unaona kwato moja, halafu hatua thelathini huoni kitu. Askari wawili walinifuata wakikokota miguu. Nilifanya kama Kasimu alivyonifundisha kutafuta waya uliodondoka kwenye nyasi: usitafute kitu chenyewe, tafuta kilichokisumbua. Mnyama anayekimbia na waya shingoni hana muda wa kuzunguka vichaka. Nikatafuta matawi yaliyovunjika juu, mahali ambapo ng'ombe hafiki wala mtu. Nikaliona moja. Nikaliona la pili. Nikapoteza njia, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Miiba ilinichana kanzu mpaka ikawa kamba tupu. Askari mmoja alikaa chini akasema, "Acha, ndugu yangu, jua limeshuka. Mungu ameandika."

"Mungu hajaandika mpaka nifike mti ule," nikamwambia, na sikujua hata ni mti gani. Nilikuwa nimeshakasirika. Kuna hasira inayomfaa fundi, ile inayomfanya asikubali kwamba kitu kimepotea. Muwe nayo hiyo. Nyingine zote ziacheni.

Kipande kilikuwa kimenasa katika mgunga mkubwa, kimezunguka tawi mara tatu, kinaning'inia. Kwenye waya palikuwa na manyoya mafupi ya kahawia na ngozi kidogo iliyokauka. Nilipanda kwa magoti, sikuhisi mwiba hata mmoja. Nilipokishusha nililia, wala sioni aibu kusema.

Nilirudi mbio. Jua lilikuwa bado upana wa mkono mmoja juu ya kilima. Kasimu alikuwa tayari. Alikitandaza kipande kati ya zile ncha mbili, kikajaza pengo lote, halikubaki hata la kidole. Kisha akaomba shoka la askari, akakata waya wa akiba mbele ya Bwana Miwani, akamwekea ile ncha bapa kiganjani. Pembeni yake akaweka ncha ya kipande nilichokileta, na yale manyoya.

Bwana Miwani akazipapasa ncha zote mbili kwa kidole. Hakuwa mjinga, lazima nimpe haki yake.

"Twiga," akasema.

"Twiga, bwana."

Askari aliyeshika kamba akaanza kuilegeza. Bwana Miwani akamzuia kwa mkono. "Kwanza waya useme. Kamba haitoki mpaka waya useme."

Basi nikaunga. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuunga vizuri vile. Mara sita huku, mara sita kule, mizunguko imekaa kama imezaliwa pale. Maungio mawili, moja kila upande wa kipande. Nikaning'inia nayo, yakanihimili. Tukavuta, tukaacha tumbo kidogo kwa ajili ya baridi, nikapanda nguzo kufunga. Kutoka juu niliona kichwa cha Ndahani na kitanzi chake, nikafunga upesi zaidi.

Kasimu akachomeka kisanduku chake cha kusikilizia, akatega sikio. Kikaanza kugonga. Alizijua herufi ingawa hakujua Kidachi. Aliandika tu kama mtu anayenakili mchoro wa kitambaa. Kikagonga, kikagonga, maana maneno yalikuwa yamengoja siku mbili. Akampa Bwana Miwani karatasi.

Bwana Miwani aliisoma, akaikunja, akawaita askari wapange mstari.

"Tunakwenda kusini," akawaambia. "Leo hii tunaanza safari. Amri imetoka pwani. Vijiji vya waasi vitachomwa, mashamba yatachomwa, ghala zote za chakula zitachomwa. Hatutaacha cha kula."

Mzee Ndahani akafunguliwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Kisha Bwana Miwani akanikumbuka. Mali ya serikali ilikuwa imenunua maji. Hamsa ishirini, akasema, viboko ishirini na vitano. Nikalala kifudifudi chini ya waya wangu. Mimi nilihesabu mpaka kumi na moja, zilizobaki walihesabu wao. Halafu wakaondoka, arobaini na mmoja wao, kwa mwendo wa haraka, wakituachia vumbi. Kazi sikufukuzwa. Mafundi walikuwa wachache na nchi ilikuwa na vita.

Kasimu aliniosha mgongo. Ndahani alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, anajisugua shingo. Alikuwa amesikia yote. Kiswahili alikijua vizuri, alikuwa hapendi tu kukitumia.

"Mwanangu," akaniita. "Hayo maneno ya kuchoma chakula yamepita pale ulipofunga wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kama ungejua yatapita, ungeunga?"

Kasimu akaacha kumimina maji.

"Ningeunga, baba. Kamba ilikuwa shingoni kwako."

Ndahani akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Akainuka, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake, akaelekea nyumbani kwake ambako hakukuchomwa. Alipofika mbali kidogo akageuka.

"Basi nenda siku moja ukawaambie hivyo watu wa kusini," akasema.

Sikwenda. Nilikuwa na sababu kila mwaka. Njaa iliyowapata kule mmesoma wenyewe, watu walikula mizizi, na wengine hawakupata hata mizizi. Nilisikia habari zake mwaka baada ya mwaka na kila mara nikaona vidole vyangu vikizungusha ule waya, mara sita huku, mara sita kule.

Sasa natazama majina yenu ninyi mafundi wa simu mliopo hapa Dodoma. Yumo Mmatumbi. Wamo Wangoni wawili. Yumo binti wa mtu wa Mahenge anayepokea simu pale mjini na sauti yake naisikia kila nikipiga. Nimechelewa sana, lakini nimeamua sitakufa nikiwa nimenyamaza. Wajukuu zangu wa kusini, amri ile ilipita mikononi mwangu. Mtu mmoja alikuwa kwenye kamba, na mimi nikaunga.